Fungueni maktaba za sheria, jamani!

Leo sitaandika juu ya Linux wala juu ya simu mpya. Mliokuja kusoma sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata niwieni radhi, itakuja wiki ijayo inshallah. Leo nina ugomvi na maktaba. Naam, maktaba! Na si maktaba yoyote, bali maktaba za vyuo vya sheria, zile zenye viyoyozi na kimya cha msikiti saa nne asubuhi, na mafunzo ya utafiti ambayo kila mwanzo wa muhula hubandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, huwa pana maneno haya: kwa wanafunzi na wahadhiri pekee.

Nasema maneno hayo yafutwe.

Mtaniuliza, wewe mtunzi wa programu, ya sheria yakuhusu nini? Kwanza, mimi ni mkazi wa Mikindani. Halafu kazi yangu ya kila siku ni kutafuta kitu kidogo ndani ya rundo kubwa la data, na najua vile kutafuta kunavyomshinda mtu ambaye hakuonyeshwa, hata akiwa na akili kuliko mimi.

Tuanze na Mikindani. Walio mbali huenda hawajui kwamba moja ya kesi kubwa kabisa za mazingira nchini Kenya ilizaliwa huku kwetu, katika kijiji cha Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi kilifanya kazi pale kuanzia 2007 hadi 2014, kikiwa kimebanana na nyumba za watu. Moshi ukaingia vyumbani, watoto wakaugua. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho, na mwanawe mwenyewe akapatikana na risasi mwilini. Akaanza kupiga kelele, akakamatwa 2012, hakunyamaza, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2016 walalamishi 10 wakafungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa hebu tufanye zoezi. Wewe ni mkazi wa Owino Uhuru, umemaliza darasa la nane, una simu ya kawaida na bando la shilingi 20. Unataka kuisoma hukumu iliyotolewa kwa ajili ya watoto wako. Utaandika nini pale kwenye kisanduku cha kutafutia?

Ukiandika "risasi" utaletewa habari za polisi na majambazi, maana neno hilo kwetu ni la madini na ni la bunduki pia. Ukijitahidi na Kiingereza uandike "lead", ndiyo umeharibu kabisa: kwa Kiingereza neno hilo hilo lina maana ya kuongoza, na hakuna hukumu isiyokuwa na wakili anayeongoza wenziwe au jambo lililoongoza kwa jingine. Mashine haijui unataka lipi. Inahesabu herufi tu, maskini. Ukitafuta kesi kwa jina la mama aliyeipigania, hutaiona kwenye kichwa cha hukumu. Kesi yenyewe inaitwa KM na wengine 9 dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine 7. KM! Herufi mbili, kwa sababu mlalamishi wa kwanza ni mtoto na jina la mtoto halitajwi. Hiyo ni haki na ni sawa. Lakini nani atakayekwambia?

Na tuseme umeipata. Umepata ipi? Ziko tatu, kila moja ya mahakama yake na mwaka wake. Ukiangukia ya 2020 utasherehekea bila kujua kulikuwa na rufaa. Ukiangukia ya 2023 utalia. Jirani yangu mmoja alikuwa ameichapisha hiyo ya 2023 kwa saiba, karatasi baada ya karatasi, kila moja kwa pesa, akaikunja akaiweka kabatini. Hadi katikati ya 2025 alikuwa akiamini mambo yaliishia pale. Mtu mzima, mwenye akili zake, anayesoma gazeti. Alichokosa ni dakika kumi za mtu wa kumweleza kwamba hukumu haisomwi peke yake, lazima kwanza uulize kama bado iko hai.

Na hilo ndilo jambo linalofundishwa katika yale mafunzo ya maktaba!

Nimeongea na wanafunzi kadhaa wa sheria, na nimeziona karatasi wanazogawiwa. Hakuna uchawi mle. Wanafundishwa kusoma nambari ya kesi: mwaka ndani ya mabano ya mraba, kifupi cha mahakama, kisha nambari ya uamuzi. KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ni ya Rufaa, KEHC ni Mahakama Kuu, KEELC ni ya Mazingira na Ardhi, na KEELRC ni ya kazi na ajira. (Aliyebuni hizo mbili za mwisho zitofautiane kwa herufi moja hajawahi kuandika msimbo usiku wa manane.) Wanafundishwa kuweka maneno ndani ya alama za kunukuu ili mashine iyatafute yakiwa yameshikana. Wanafundishwa kutenganisha kile jaji alichoamua na yale aliyoyasema akipita. Wanafundishwa kuifuata kesi mbele na nyuma, ione imetajwa wapi na kama imepinduliwa. Asubuhi moja, basi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji digrii. Ufundi wa magari una mengi magumu kuliko hayo, na vijana wa Changamwe wanaujifunza chini ya mwembe.

Zamani ningewaelewa wenye maktaba. Sheria ilikuwa kitabu, na kitabu kilikuwa ghali. Ripoti za kesi za Afrika Mashariki zilianza kutoka kwa jina la EA mwaka 1957, zikafa katika miaka ya 1970, na baada ya hapo Kenya ikaishi muda mrefu na ripoti za kubahatisha. Bunge likapitisha sheria ya 1994 iliyounda Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, ambalo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Wakati huo mwenye juzuu rafuni ndiye aliyekuwa na sheria, na mlinzi mlangoni alikuwa na kazi ya maana: juzuu likiibwa halipatikani tena.

Leo mlinzi analinda nini? Baraza hilo, tunalolijua kwa jina la Kenya Law, linaweka hukumu na sheria za nchi kwenye tovuti yake bure. Tanzania wana TanzLII, Uganda wana ULII, Zanzibar nao wana yao. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Chuo cha Cornell kule Marekani kilianza mwaka 1992, Australia wakafuata 1995, na 2002 wenye tovuti za namna hii wakakutana Montreal wakatangaza kwamba sheria ni mali ya umma na isomwe bila malipo. Hata Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, inapoeleza kazi ya maandishi inayolindwa ni ipi, inaziondoa waziwazi sheria zilizoandikwa na maamuzi ya mahakama. Yaani hukumu haina mwenyewe. Ni yangu na yako na ya muuza mahamri.

Hapa naomba dakika moja ya kujisifia fani yangu. Mwaka 2024 Kenya Law walihamia tovuti mpya iliyojengwa juu ya programu ya Laws.Africa ya Afrika Kusini, na programu hiyo ni huria, msimbo wake uko wazi, unaweza kuusoma usiku huu ukipenda. Ukitazama anwani za kurasa zake utaona herufi "akn". Hicho ni kifupi cha Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan kutoka Ghana yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Ni kanuni ya kuandika nyaraka za sheria kwa XML. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya Afrika, na 2018 shirika la OASIS likaifanya kiwango cha kimataifa. Faida yake? Kifungu cha sheria kinakuwa na anwani yake. Sheria ikirekebishwa unaweza kuona ilivyokuwa tarehe fulani. Hukumu ikitaja hukumu nyingine, mashine inaweza kuonyesha kiungo. Haya ni mambo mazito, jamani, na ni ya kwetu Waafrika, sio ya kuletewa.

Kwa hivyo jengo limepoteza ukiritimba wa sheria. Lilichobaki nacho ni ujuzi wa kuitafuta, na ujuzi huo ndio hasa wanaoufungia. Ni kama mtu aliyeacha duka wazi na mali yote ndani, kisha akaificha taa.

Mwaka jana nilijaribu kuingia. Chuo nacho sikitaji, wala msinibanie, kiko mjini na hiyo yatosha. Nilivuka Makupa kwa matatu, nikafika mapema, nikaomba nikae nyuma kabisa kwenye mafunzo ya asubuhi. Sikutaka kuazima kitabu. Sikutaka neno la siri la kompyuta. Nilitaka kiti. Mlinzi, mtu mpole sana, akaniambia, "Kitambulisho cha chuo, ndugu yangu." Nikamwambia sina, mimi ni mwananchi. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akanielekeza kwa ofisi. Ofisi ikaniambia niandike barua. Nikaandika. Barua hiyo haijajibiwa hadi leo. Mle ndani, kwa mlango wa vioo, niliona viti vitupu nikahesabu: zaidi ya ishirini.

Haya, tusikie visingizio. Navijua vyote kwa sababu nimevisikia vyote.

Cha kwanza ni leseni. Wanasema hifadhidata za kulipia kama LexisNexis na HeinOnline zina mikataba, na mtu wa nje akizigusa chuo kitapata shida. Kweli mikataba ipo. Lakini mikataba mingi ya majarida ya kitaaluma huwa na kifungu kinachomruhusu mgeni aliyeingia maktaba kwa miguu yake asome akiwa mle mle. Someni mikataba yenu, nyinyi si ndio mnafundisha sheria? Na hata kama hakuna kifungu hicho, basi zimeni hizo za kulipia mfundishe kwa Kenya Law. Kwanza mtawasaidia wanafunzi wenyewe. Mwanafunzi anafundishwa kwa miaka minne kutafuta katika hifadhidata ya mamilioni, siku anayomaliza neno lake la siri linakufa, anafungua ofisi ndogo Kisauni au Likoni na hana uwezo wa kulilipia. Silaha atakayoishi nayo ni ile ya bure, na ndiyo aliyofundishwa kwa robo saa mwishoni, wakati watu wanakusanya mikoba.

Cha pili ni msongamano. Wakati wa mitihani, nakubali, mwanafunzi aliyelipa karo asikose kiti kwa sababu yangu. Lakini mwaka una wiki 52. Jumamosi mbili za muhula hazitavunja meza ya mtu.

Cha tatu ndicho kinachonipandisha damu: kwamba watu wa kawaida wakijua kutafuta sheria watajifanya mawakili. Sheria ya Mawakili inakataza asiye wakili kufanya kazi ya uwakili au kuandaa hati fulani kwa malipo. Ni sawa, matapeli wapo na wanaumiza watu. Kusoma hakukatazwi popote! Kinyume chake, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 22 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani haki zake zikivunjwa, na inataka taratibu ziwe nyepesi, hata mahakama ipokee maombi yaliyoandikwa bila urasmi. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. Cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe haki inafikiwa na wote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inahesabu elimu ya sheria kwa umma kuwa sehemu ya msaada wenyewe. Wakili mwema hupenda mteja aliyesoma, maana hapotezi saa nzima akimweleza rufaa ni nini. Anayemwogopa mteja aliyesoma ana sababu zake.

Tena, watu hawangoji ruhusa. Wakifungiwa mlango wa maktaba wanakwenda kwa roboti. Nimewaona kwa macho yangu, kijana wa bodaboda anaiuliza programu ya akili bandia kuhusu pikipiki yake iliyoshikwa, nayo inamjibu kwa ufasaha wa ajabu, na kesi inamtajia. Je, kesi hiyo ipo? Mwaka 2023 kule New York mawakili wawili, watu wenye leseni, walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Kama mawakili wa New York walinaswa, bodaboda wa Mikindani ataponea wapi? Dawa ninayoijua mimi ni moja: kuchukua nambari ya kesi, kuitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya ripoti za sheria, kuifungua na kusoma. Dakika tano. Ndiyo yale mafunzo ya asubuhi moja, tumerudi pale pale.

Nije kwenye lugha, ambalo ni donda lenyewe. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, kifungu cha 86, inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza. Kiswahili kimeachiwa mahakama za chini. Wenzetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Huko nako kuna kazi kubwa bado, sheria nyingi zilizaliwa kwa Kiingereza, ila wamechagua upande. Sisi watu wa pwani, ambao lugha ni yetu tangu mababu, tunasomewa hukumu ya mtaa wetu kwa lugha ya mtu mwingine. Siwezi kuidai maktaba itafsiri kila hukumu. Ninachodai ni kidogo zaidi: mafunzo yafundishwe kwa Kiswahili, na itolewe orodha ya maneno 200, haya yanayojirudia katika hukumu, upande mmoja Kiingereza na upande wa pili Kiswahili cha kueleweka. Wanafunzi wa sheria wanatafuta kazi za kufanya za kujitolea ili waziandike kwenye wasifu wao. Wapeni hiyo. Hiyo orodha mimi nitaiweka ndani ya programu ya simu bure, na msimbo nitauacha wazi.

Msidhani nalalamika tu nimekaa. Tangu Februari tumekuwa tukikutana watu sita hadi tisa, Jumamosi alasiri, kwenye saiba moja hapa mtaani ambaye mwenyewe anatuachia mashine nne zikiwa hazina wateja. Yupo fundi wa kuchomelea vyuma, wapo kina mama wawili wa chama, yupo mzee mmoja mstaafu wa bandari anayetusahihisha Kiingereza chetu bila huruma. Kipindi cha kwanza tulikipoteza chote kwenye neno "lead". Cha pili, mama mmoja ndiye aliyegundua kwamba tukiandika "Owino Uhuru" ndani ya alama za kunukuu na kuichagua Mahakama ya Juu pembeni, takataka zote zinaanguka. Tulipoifungua, hakusoma fidia kwanza. Alisoma majina ya wadaiwa, polepole, kidole juu ya kioo, kama mtu anayehesabu watu waliokuja matangani. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: hukumu ikishatoka, ni nani kwa sheria anayepaswa kuhakikisha imetekelezwa, na mtu wa kawaida atamfuata vipi?

Hilo ni swali la mkutubi wa sheria. Mimi ni mtu wa kompyuta, naweza kumfundisha mtu kutafuta, siwezi kumwonyesha juzuu gani linaeleza utekelezaji wa hukumu dhidi ya serikali. Yuko mtu mjini anayelijua jibu hilo hata akiwa usingizini. Analipwa mshahara kulijua. Kati yake na huyu mama pana mlango wa vioo na kitambulisho cha plastiki.

Basi nimeacha kuandika barua za kuomba. Jumatatu iliyopita nilipeleka ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nikauliza mambo matatu. Sera ya chuo kuhusu wasomaji wa nje ni ipi? Mikataba ya hifadhidata inasemaje juu ya mgeni anayesomea ndani? Na katika mafunzo ya muhula uliopita, viti vingapi vilikaliwa? Sheria inawapa siku 21. Nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa, niko nayo mezani. Siku ya 22 nitabandika hapa majibu yao, au karatasi tupu kama hawatajibu.

Wale wa Jumamosi, wiki hii tunaanza saa tisa, saa nane saiba ina wateja wa kuchapisha. Mwenye kamusi kubwa ya TUKI aje nayo.